Seli zimekubali bila ndama!

Jamani leo maabara nimepiga vigelegele peke yangu 😂

Kwa msiojua, seli tunazokuza kwenye chupa huwa tunazilisha seramu (majimaji ya damu) ya ndama aliye tumboni, inatolewa ng'ombe mwenye mimba akichinjwa, kama asilimia 10 ya chakula chao ni hiyo, bei usiulize na kila bechi ina tabia zake.

Sasa tumehamia majimaji ya binadamu, yanatengenezwa kutokana na chembe sahani (zile za kugandisha damu) za benki ya damu zilizopita muda, maana zinakaa siku 5 hadi 7 tu.

Nachungulia darubini, seli shina (zile zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine) zimeshika chini ya chupa, zimenyooka kama dagaa, zimebanana hadi nafasi hakuna!! Ila bila heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) chakula chote kinaganda, usisahau.

Wa maabara mnatumia nini huko? Na wengine, hii ya ndama mlikuwa mnaijua?