Ua la Maji ya Bamvua

Juzi binti yangu kaja na kazi ya skuli: abuni mmea wa majini, aeleze ulivyobadilika hata ukaweza kuzaana. "Mama, baharini hamna nyuki. Chavua itafikaje?" Nikauweka upawa chini.

Kazi hiyohiyo niliwahi kupewa nikiwa kidato cha tatu. Nikabuni mmea unaochavushwa na samaki, nikauchora vizuri, kisha Jumamosi nikaenda Chwaka kwa bibi.

Yalikuwa maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Saa nne asubuhi bahari imekupwa mbali, tunaokota kombe kwenye majani marefu kama tepe, yamelala juu ya maji kidogo yaliyobaki. Nikaona vitu vyeupe vinaelea, vidogo kuliko chenga za mchele. Nikadhani povu. Nikainama. Havikuwa vinalowa. Vimesimama juu ya maji, na upepo ukivuma vyote vinateleza upande mmoja. Mbele yao ua moja limelala, petali tatu zenye makunyanzi, kikonyo chake kimeshuka hata mchangani. Kimoja kikafika kikanasa. Cha pili. Kisha kundi zima. Nilikaa pale mpaka maji yakaanza kurudi, na petali zikajifunga navyo ndani.

"Hivyo vyeupe ndiyo madume," bibi akasema. "Vinakatika huko chini, vinapanda." Akapapasa majanini, akanishikisha kikonyo kingine kilichojisokota kama springi, mwisho wake tunda lenye manyoya. "Likishashika hujivuta chini. Nani kalifunza, mjukuu wangu?"

Sikuwa na la kumjibu. Baadaye nilijifunza jina la nyasi ile ya bahari, Enhalus acoroides, na kwamba mababu wa nyasi za bahari walichanua nchi kavu kabla ya kurudi majini, yapata miaka milioni 100 iliyopita. Wenzake humwaga chavua humohumo majini. Hili bado linaufuata upepo. Bibi alishafariki, na swali lake ninalo.

Usiku ule niliuchana mmea wangu, nikaandika nilichokiona. Mwalimu akarudisha daftari na maneno mekundu: "Umebuni vizuri sana." Sikumwambia kwamba ua hilo lipo, na mpaka leo linaniuma.

Binti yangu anachora mmea wenye taa. Sijamwambia bado. Ninaogopa nikimwambia ataifuta ile taa. Mwezi mpevu ni Alhamisi.