Kusawazisha Mapigano ya Tanga Juu ya Meza

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitengeneza mchezo wa mezani kuhusu mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, na kilichonisumbua kuliko ramani na hesabu ya vikosi ni kwamba kila anayeketi upande wa Waingereza anajua tayari walikosea wapi.

Jenerali Arthur Aitken alifika na wanajeshi wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, ilhali kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alipigana akiwa na watu 1,000 hivi, wengi wao askari Waafrika. Hata hivyo, upande wenye watu wengi ndio ulioshindwa. Tarehe 2 Novemba manowari HMS Fox ilitangulia kuutaarifu mji kwamba makubaliano ya kutoshambuliana yamevunjwa, muda ukapotea kwa hofu ya mabomu ya majini, na wanajeshi wakaanza kushushwa usiku huko Ras Kasone badala ya bandarini. Wakati huohuo, treni zilikuwa zikileta kombania za askari kutoka Moshi, mwendo wa kilomita 352.

Mchezaji wangu wa kwanza hakurudia hata kosa moja kati ya hayo. Zamu ya kwanza aliingiza meli bandarini, ya pili akashusha batalioni nne, na ya tatu akaweka kidole juu ya kituo cha reli, akaniuliza kama kulikuwa na lolote lililobaki. Halikuwepo.

Nilikimbilia dawa rahisi, nikashusha ari ya vikosi vyote vya India. Matokeo yalifanana na historia, lakini kwa sababu ya uongo: tarehe 4 Novemba zipo batalioni zilizotawanyika, lakini Wagurkha wa Kashmir (askari wa India wenye asili ya Nepal) na kikosi cha Waingereza cha North Lancashire waliingia mjini wakipigana, na katika mchezo wangu hata Wagurkha hao walitimua mbio kwa dadu mbaya ya kwanza. Isitoshe, hakuna burudani katika kutazama vibao vyako vikikimbia saa nzima bila wewe kuamua chochote.

Ndipo nilipotambua kwamba nilipaswa kupunguza ujuzi wa mchezaji, si nguvu za jeshi lake. Sasa Mjerumani huweka vibao vitano kifudifudi kwenye mlango wa bandari, na ni yeye peke yake anayejua kama kuna bomu chini ya kimojawapo. Kihistoria mabomu hayakuwepo, lakini kibao kisichofunuliwa kinatosha: ama Mwingereza atumie zamu mbili kusafisha njia, ama athubutu, ama azunguke Ras Kasone kama Aitken. Treni nazo zimekuwa kadi zinazochotwa kwa siri, hivyo kila zamu inayopotea ina gharama ambayo mshambuliaji hawezi kuikokotoa.

Nyuki walinipa kazi ya pekee. Ni kweli kwamba katikati ya mapigano makundi ya nyuki waliokasirishwa na risasi yaliwavamia wapiganaji, na kila anayejaribu mchezo huuliza habari zao kabla hata ya kusoma kanuni. Katika toleo la kwanza kadi ya nyuki ilisimamisha mashambulizi yote ya Waingereza kwa zamu nzima, na vicheko vilikuwa vingi, ila mara mbili mfululizo kadi hiyo moja ndiyo iliyoamua mshindi. Kwa kuwa nyuki hawakubagua sare, sasa huathiri kila kikosi kilichomo msituni, cha upande wowote. Vicheko vimepungua kidogo. Nimekubali hasara hiyo.

Kuhusu alama za ushindi, Mwingereza aliyezidiwa anaweza kujiondoa kwa utaratibu na kupata sare, mradi asiache vifaa ufukweni. Kanuni hiyo imetokana na bunduki 455 na risasi zipatazo 600,000 walizookota Wajerumani baada ya adui kuondoka tarehe 5.

Kasoro iliyobaki ni ya upande wa pili. Katika jaribio la mwisho, aliyecheza Mjerumani alichota kadi, akasogeza kombania yake moja, kisha akakaa zamu nne akinywa chai huku mwenzake akihangaika na vibao vya bandarini. Kwa sasa ninajaribu kumpa doria ndogo za kutuma ufukweni usiku, ila kila doria anayoituma inapunguza bunduki zinazolinda kituo cha reli, na bado sijapata idadi ambayo haimponzi.