Kiputo cha Ukubwa wa Punje ya Wimbi

Leo asubuhi, hapa Nakuru, hatimaye nimemkamata mwizi wa upepo.

Wanaolijua basi letu dogo, lile tulilolitia vitanda na jiko, wanakumbuka kwamba mwezi uliopita nilifunga vihisi, yaani vifaa vidogo vya kupima upepo wa tairi, kwenye valvu za magurudumu yote sita.

Tangu siku hiyo, gurudumu la ndani kati ya yale pacha ya upande wa kushoto lilishuka kutoka PSI (kipimo cha shinikizo la upepo) 60 hadi 54 kila baada ya siku mbili. Nilisingizia baridi ya alfajiri, kwa kuwa upepo hupungua kwa PSI 1 au zaidi kidogo halijoto ishukapo nyuzi 5 au 6, lakini yale mengine matano yalitulia tuli.

Fundi wa pancha alilizamisha majini asione kitu. Angeonaje, ilhali alikuwa amekifungua kihisi kwanza?

Basi leo nimelala chini ya gari na tochi, nikapaka povu la sabuni kihisi kikiwa mahali pake, nikangoja.

Kiputo kama punje ya wimbi kikachomoza, kikavimba polepole, kikapasuka, kikafuatwa na kingine.

Kihisi kikikazwa huisukuma sindano ya valvu na kuiacha wazi, hivyo upepo wote huzuiwa na kampira kembamba kaliko ndani ya kihisi, nako kalikuwa kamechanika.

Wenzangu wenye magurudumu pacha, ninyi huzifikiaje valvu za ndani bila kulala matopeni?