Irvine au Slater? Tuanze na sheria

Ubishi wa leo mchana bado unawaka. Raga ya wachezaji 13, Australia: nani bora, winga Ken Irvine au Billy Slater?

Irvine, trai (kufunga kwa kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) 212 katika mechi 236.
Slater, trai 190 katika mechi 319.
Watu wakaona kesi imekwisha.

Haijaisha bwana.

Irvine alianza 1958. Hadi 1966 timu ilikaa na mpira hata wakiangushwa mara 20, kikomo hakuna. Winga anasimama pembeni anapigwa na upepo, mpira anauona kwa macho tu. 1967 kikaja kikomo cha kuangushwa mara nne, 1971 zikawa sita. Slater alizikuta hizo sita tayari, na walinzi wanarudi mita 10 kila mwenye mpira akiangushwa. Uwazi ule wa kukimbilia Irvine hakuupata.

Ila Slater alikuwa fulbeki. Kazi yake kudaka mipira ya juu na kupanga walinzi kwa kelele kutoka nyuma. Trai kwake ni nyongeza.

Sasa hiki ndicho kinachoniganda kichwani: enzi za Irvine trai ilikuwa pointi 3, nne zilikuja 1983. Trai zake 212 ni pointi 636. Kwa hesabu ya leo, 848!

Na sehemu kubwa alizifunga akiwa North Sydney, timu ambayo ubingwa wake wa mwisho ni wa 1922.

Kwa kufunga nampa Irvine. Kwa mchezaji aliyekamilika, Slater.

Haya, nyie mnapima kwa kipi? Mwageni hapa chini 👇