Dozi Inapozidi Katika Tangi la Matumbawe

Matumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na kaboneti yanazozichota majini kila siku, na ndiyo maana mwenye kuyafuga nyumbani hulazimika kurudishia kile kilichotumika kwa dozi za dawa, mara nyingi kwa pampu. Dozi huzidi kwa njia nyingi: pampu hukwama ikiendelea kusukuma, mpira wake uliozama majini hunyonya chupa nzima hadi ikauka, au watu wawili wa nyumba moja humimina dawa ileile bila kuulizana. Kwa maoni yangu, madhara makubwa mara nyingi hayaletwi na ziada hiyo, bali na pupa ya mwenye tangi anayetaka vipimo virudi mahali pake kabla hajalala.

Zima pampu ya dozi, kisha pima pH (kipimo cha asidi na alkali majini) kabla ya kipimo kingine chochote, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoua haraka. Hatari hii ni ya maji ya chokaa hasa, yanayomiminwa kurudishia kalsiamu, ambayo yakikolea kabisa hufikia pH ya 12.4 hivi, ilhali bahari ina takriban 8.1. Yakiingia mengi kwa mkupuo, tangi zima hugeuka jeupe kama tui la nazi, na mtu asiyejua hudhani kila kitu kimekufa. Weupe huo ni chembe za kalsiamu kaboneti, ambazo si sumu, na baada ya muda hutuama juu ya mawe na ndani ya pampu, ambako huondolewa kwa siki. Ikiwa pH imepanda kidogo, fungua madirisha na upulize hewa kwa nguvu, maana kaboni dioksidi iliyomo huishusha. Ikiwa imefika 9 au zaidi, ongeza siki nyeupe kidogo kidogo mahali penye mkondo, ukipima kila mara. Kumbuka pia kwamba chembe zile zimeondoka na kalsiamu pamoja na ualkali (akiba ya bikaboneti na kaboneti majini), kwa hiyo kesho yake huenda ukakuta vyote viwili vimepungua kuliko kabla ya ajali.

Magadi soda hayana fujo kiasi hicho. Katika lita 200, gramu 6 hupandisha ualkali kwa takriban digrii 1 ya Kijerumani, ile inayoandikwa dKH. Aliyemimina gramu 30 atakuwa ametoka 8 hadi 13. Akibadilisha robo ya maji kwa maji mapya yenye 8, atashuka hadi 11.75 tu, kazi kubwa kwa faida ndogo. Mimi ningeacha matumbawe yenyewe yaitumie ziada hiyo kwa siku kadhaa, nikipima asubuhi na jioni, na nisingethubutu kumwaga asidi, kwa sababu mporomoko wa ghafla huyaumiza matumbawe kama mpando wenyewe. (Nazungumzia magadi soda ya kuokea, si magadi ya mawe yanayolainishia maharage, ambayo yana kaboneti nyingi na mara nyingi floridi.)

Magnesiamu iliyozidi kiasi huvumilika, lakini iodini ni jambo lingine: baharini imo takriban miligramu 0.06 tu kwa lita, kwa hiyo matone machache ya ziada ni mengi mno, na hapo mkaa amilifu (mkaa maalumu wa kunyonya uchafu) mpya pamoja na kubadilisha maji havipaswi kungoja. Wanaolisha bakteria wanaosafisha maji kwa siki au vodka wakizidisha, maji huwa na ukungu na oksijeni hupungua, hasa usiku. Ukiona samaki wanahema juu ya maji, washa pampu ya hewa na kichujio cha povu (kinachotoa uchafu kwa mapovu ya hewa), na uache kuwalisha bakteria hao mpaka maji yatakate.

Kwenye pampu yangu, mwisho wa mpira unaning'inia juu ya maji, na chupa haijazwi zaidi ya dozi ya siku chache, hata kama kujaza mara kwa mara kunachosha.