Napanga mlo kwa kuanza na kinachokaribia kuharibika

Zamani nilipanga mlo kama watu wengi wanavyopanga: nawaza ninachotamani kula, naandika orodha, naenda kununua. Pesa zikiwepo, utaratibu huo hauna ubaya. Zilipopungua nilitaka matumizi ya jikoni yashuke bila watu wa nyumbani kulala njaa wala kuchoshwa na chakula kile kile. Kilichonisaidia ni kugeuza mpangilio wenyewe: kwanza natazama kilichopo, kisha naamua tutakula nini, na kununua kunakuja mwisho.

Nilianza kwa kutoa kila kitu nje. Kabati lote, friji yote, hadi makopo ya nyuma kabisa ambayo mkono haufiki. Kazi hiyo inachosha, na jikoni hubaki kama la watu wanaohama, lakini asiyeifanya hupanga kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya mpishi haiaminiki. Ndiyo maana mtu hununua tambi ilhali pakiti nyingine imejificha nyuma ya unga.

Nilipoandika vilivyopo sikuvigawa kwa aina, yaani nyama huku na nafaka kule. Niligawa kwa muda vilivyobakiwa nao. Fungu la kwanza ni vya leo na kesho: mboga za majani, nyama au samaki mbichi, maziwa yaliyokwisha kufunguliwa, matunda yaliyoiva kupita kiasi, kiporo. La pili ni vya wiki hii, kama karoti, kabichi, mayai na nyanya ambazo bado ngumu. La tatu ni vya kusubiri: mchele, dengu, maharagwe makavu, tambi, unga, makopo. Tangu hapo swali la jioni si tena "leo tupike nini?" Najiuliza ni kipi hapa hakitafika keshokutwa. Hicho ndicho kinachoamua mlo, na vya kabatini vinakifuata, kwa sababu mchele hauna haraka.

Baada ya hapo nilihitaji kuacha utumwa wa mapishi. Pishi likitaka vitu kumi na nyumbani kuna sita, mtu hukimbilia kununua vinne, na vinne hivyo navyo vinabaki nusu nusu. Mimi sasa naangalia kila kiungo kinafanya kazi gani chunguni. Mlo wangu unahitaji cha kushibisha, cha kujenga mwili, mboga, na cha kuamsha ladha. Panapotakiwa mchicha nakata kabichi nyembamba na kuiacha motoni kidogo zaidi. Panapotakiwa limau natia siki, au mtindi, au nyanya, maana kinachotafutwa pale ni uchachu tu. Uhuru huu una mpaka: kwenye keki na mikate vipimo ni vipimo, na anayebadilisha ovyo atakula alichokioka peke yake.

Pesa nyingi niliziokoa kwenye cha kujenga mwili, na maharagwe ndiyo yaliyoniokoa. Kikombe kimoja cha maharagwe makavu hutoa karibu vikombe viwili na nusu hadi vitatu vikiiva. Yakiliwa na nafaka yanakamilishana nayo: nafaka zina upungufu wa amino asidi iitwayo laisini, ambayo jamii ya kunde inayo kwa wingi. Kwa hiyo wali na maharagwe si chakula cha kujutia eti nyama imekosekana. Nyama ikiwepo kidogo, naikata vipande vidogo na kuipika ndani ya maharagwe au mboga, ladha ienee chungu kizima badala ya kila mtu kuhesabu pande lake.

Maharagwe nayaloweka usiku kucha, namwaga maji yale, nayachemsha kwa maji mapya. Maharagwe mekundu hasa lazima yatokote kwa nguvu angalau dakika 10, kwa kuwa yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiondoi, na asiyeyaivisha vizuri anaweza kuishia kutapika. Nyanya na limau navitia yakisha kulainika, kwani uchachu huyafanya yabaki magumu na kumaliza moto bure. Yakiwa yamekaa kabatini mno yatakataa kuiva hata uyapikeje, hivyo ya zamani ndiyo yanayotangulia.

Jambo lililobadilisha wiki yangu kuliko mengine yote ni kuyachemsha mengi kwa mkupuo na kuyaacha chukuchuku. Chakula kikishaungwa kwa viungo vingi kimeshaamua kuwa nini, na kesho yake kitakuwa kile kile. Cha chukuchuku bado kinageuka. Siku ya kwanza nayaunga kwa kitunguu na nyanya. Yanayobaki siku ya pili nayaponda na supu yake, natia karoti na ile mboga iliyoanza kunyauka, inakuwa supu nzito ya kuliwa na mkate. Yakibaki tena, nayakausha kwenye kikaangio kwa kitunguu saumu na kuyachanganya na mayai au viazi. Nyumbani kwangu hakuna anayenuna kwa kupewa kiporo, kwa sababu hawakioni kama kiporo. Viazi vya kuchemsha na kuku wa kuchemsha vinakubali mchezo huo huo.

Ubana matumizi unakoma pale afya inapoanza, na hapa sijadiliani na mtu. Chakula kilichopikwa hakikai nje ya friji zaidi ya saa 2. Friji iwe nyuzijoto 4 au chini yake, na kiporo kiliwe ndani ya siku 3 au 4. Wali nauogopa zaidi ya nyama, jambo linalowashangaza wageni wangu. Mchele huwa na vimelea ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa sufuriani ukipoa polepole, vimelea hivyo huzaliana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kwa hiyo nautandaza kwenye sinia upoe upesi, unaingia friji, na kesho yake unakaangwa hadi utoe mvuke. Mkate wenye ukungu natupa wote, maana ukungu hupenya ndani kuliko jicho linavyoona. Kiazi kilichogeuka kijani sana natupa pia, sumu yake haiishi kwa kuchemsha.

Kinyume chake, vingi tunavyovitupa havijaharibika. Karoti iliyolegea na majani yaliyonyauka vimepungukiwa maji tu, vikilazwa kwenye maji baridi kwa muda vinasimama tena. Mkate mkavu usio na ukungu unarudi kuwa laini ukinyunyiziwa maji na kupashwa moto. Friji, ajabu, huuharakisha mkate kukauka, hivyo wangu unakatwa vipande na kwenda friza. Yai likielea majini limezeeka, kwa sababu hewa ndani yake imeongezeka, ila kuzeeka si lazima kuwa kuoza: nalivunja kwenye kibakuli peke yake na pua inaamua. Viazi na vitunguu nimevitenganisha.

Mifupa, ncha za karoti, maganda safi ya kitunguu na mashina ya mboga vinakaa kwenye mfuko ndani ya friza, na mfuko ukijaa nachemsha supu ya kupikia wali au dengu. Ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2024 ilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na kama asilimia 60 yake ilitoka majumbani. Hesabu hiyo inajumuisha maganda na mifupa, vitu ambavyo wengi hatuvihesabu kuwa chakula. Mfuko wangu wa friza hauipunguzi bilioni hiyo, ila umeniondolea haja ya kununua vidonge vya supu.

Kununua sasa kunachukua muda mfupi sana. Naandika milo inayowezekana kwa vilivyopo, pembeni ya kila mmoja naandika kinachokosekana, kisha natafuta kinachojirudia. Kitunguu kikikosekana kwenye milo mitatu, kinanunuliwa. Kiungo kinachohitajika kwenye mlo mmoja tu kinasubiri au kinabadilishwa. Mfuko mkubwa wa bei nafuu naununua ikiwa ni wa vitu vya fungu la tatu pekee, maana mboga za rahisi zinazoozea nyumbani ni ghali kuliko zote.

Siandiki milo ya wiki nzima. Naacha siku moja au mbili wazi, kwa sababu daima kuna mgeni, au kiporo kilichozidi, au jirani aliyeleta maembe. Siku ambayo hakuna kinachoelekea kulingana na kingine, viazi, mayai na kitunguu kwenye kikaangio kimoja vinamaliza ubishi. Kuna kopo la zeituni ambalo mpango wote huu haujalipatia mlo, na wa nyumbani wameanza kulipigia kura.