Duveti Sita na Pembe Moja: Siku Yangu ya Kurekodi Kisauni

Saa kumi na moja alfajiri. Msikiti wa nyuma ya nyumba ndio huanza kuadhini, wa njia ya lami unaufuatia, na ule wa tatu, wenye spika iliyopasuka, huja mwisho kama muumini aliyepitiwa na usingizi. Kabla sijaanza kurekodi nyumbani nilikuwa nikisikia adhana moja tu. Sasa ni mwezi wangu wa tano wa kurekodi, na nyuma ya mlango nimebandika karatasi yenye ratiba ya kelele za mtaa wetu hapa Kisauni, Mombasa: mkokoteni wa maji, watoto wakitoka chuo cha Kurani, fundi wa kuchomelea mageti, kunguru. Kunguru wana mistari mitatu peke yao. Mwenye nyumba aliiona karatasi ile akadhani ni orodha ya madeni yangu, akaondoka kimya kimya bila kudai kodi.

Leo karatasi inasema nafasi yangu ni kuanzia saa nane mpaka alasiri. Bibi, mama yake mama, anakuja kutoka Mji wa Kale kurekodi nyimbo za vugo, zile ambazo kina mama huimba harusini huku wakigonga pembe ya ng'ombe kwa kijiti. Pembe anayo yeye. Mimi nina chumba cha futi kumi kwa kumi, laptopu, saundi kadi (kile kisanduku cha kuunganisha maiki na laptopu) iliyokwisha tumiwa na mtu, yenye tundu mbili za maiki, na maiki mbili.

Saa moja asubuhi, soko la Kongowea. Kinachonilisha ni mitumba. Namsaidia shangazi kwenye kibanda cha mapazia na duveti, na siku ya kufungua belo sharti uwe pale mapema, maana wateja wa alfajiri wana macho makali. Shangazi anakata mikanda, belo linapumua, mimi naingiza mikono mpaka viwiko. Yeye anatafuta rangi na zipu nzima. Mimi natafuta unene.

Nilianza vibaya, kama wanavyoanza wengi. Nilikusanya trei za mayai kwa wauza chipsi, nikazibandika ukuta mzima, chumba kikanuka banda la kuku wiki mbili. Nikasimama katikati nikapiga kofi: mlio ule ule wa kopo tupu. Trei ni karatasi nyembamba. Inazigusa kidogo sauti za juu kabisa, zilizobaki zinapita zinagonga ukuta na kurudi. Sauti ya hezi 100, yaani ile ya chini ya ngoma, wimbi lake moja lina urefu wa karibu mita 3.4. Utalikamata kwa trei ya mayai? Kinachokula mwangwi ni kitu kinene chenye nyuzi, na ukikiachia nafasi kati yake na ukuta kinakula zaidi, kwa sababu pale pale ukutani hewa haina pa kucheza. Sasa duveti nzito za baridi ya Ulaya, ambazo Mombasa hazina mnunuzi wa maana, ndizo dawa yenyewe. Shangazi huniuzia shilingi 200 kila moja na kuzikata kwenye posho yangu. Hajawahi kuuliza kijana mmoja anaumwa na baridi gani Kisauni.

Ila duveti haizuii kelele kuingia, na hilo lilinichukua miezi miwili kulikubali. Kuzuia kelele kunataka uzito na kuziba kila upenyo: ukuta mnene, mlango mzito, mpira kuzunguka fremu. Dirisha langu ni la vioo vya kupangana na juu kuna mabati. Fedha za kubadilisha hayo sina. Kwa hiyo duveti ni za mwangwi, na karatasi ya nyuma ya mlango ndiyo ya kelele.

Saa tano. Viazi karai vinne na ukwaju, nimesimama.

Saa saba mchana niko nyumbani na joto limekaa chumbani kama mpangaji. Duveti sita nazitundika kwenye kamba, shubiri moja kutoka ukutani, mbili kati yake nyuma ya atakapoketi mwimbaji, kwa kuwa maiki inaangalia mdomo wake na chochote kilichoko mgongoni mwake. Napiga kofi. Kofi linakufa hapo hapo.

Maiki ya kwanza niliyonunua ni kondensa, kwa kuwa kila nilichosoma kilisifu kondensa. Inataka volti 48 kutoka kwenye saundi kadi na inasikia kila kitu: mate yakimezwa, mjusi akitembea darini, jirani akifikiri. Halafu ikaanza kutatarika kama chumvi kwenye mafuta moto. Ilikuwa unyevu wetu huu wa pwani umeingia ndani ya kichwa chake. Siku hizi inalala kwenye kopo la maziwa ya unga lililofungwa vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu ambavyo jirani yangu wa viatu hutupa kwa ndoo. Ya pili ni Shure SM58, aina iliyotoka mwaka 1966, niliyoipata kwa kijana aliyekuwa akipiga muziki wa harusi. Ina bonde ubavuni, lakini haitaki umeme wake wala haijali mjusi. Ukiisogelea inakusikia wewe, ukiwa mbali inakupuuza. Kwa chumba kama changu ningeanza na hiyo.

Saa nane bibi ameshuka kwenye tuktuk na pembe ndani ya mfuko wa plastiki.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona waniingiza kwenye godauni?"

Nikamweka kitini, SM58 shubiri moja kutoka mdomoni, kondensa chini karibu na pembe, mgongo wake ukielekea kwa bibi, maana maiki ya aina hii haisikii sana kwa nyuma. Nikamwomba avue bangili. Akanitazama kama niliyemwomba avue buibui sokoni, kisha akazivua moja moja, kumi na moja, akazihesabu mbele yangu.

Nikazima feni. Hapo ndipo mwenye studio ya nyumbani Mombasa anapolipia dhambi zake.

Jaribio la kwanza, sauti yake ilikaa vizuri. Kisha akagonga pembe na taa nyekundu ikawaka. Pembe ikigongwa inapanda ghafla kuliko mkono wangu unavyoweza kukimbilia kitufe, na ikivuka sifuri, yaani kikomo cha juu cha sauti kwenye kompyuta, kichwa cha wimbi kimekatwa, hakirudi kwa ufundi wowote. Nikashusha nguvu ya maiki mpaka vilele vikawa vinagota desibeli 12 chini ya sifuri. Ukirekodi kwa biti 24, kipimo kinachonasa vizuri hata sauti ndogo, huna haja ya kujaza sauti mpaka ukingoni, unaipandisha baadaye.

Jaribio la pili nikasikia mngurumo kwenye hedifoni, mmoja, mnene, usiokata. Umeme wetu ni wa hezi 50 na nyimbo zake nishazizoea. Nikachomoa chaja ya laptopu, ukatoweka. Lakini sasa natumia betri, na betri yangu ni ya mzee. Na chini ya mngurumo ule kulikuwa na mwingine, wa friza ya jirani anayeuza barafu. Huo siwezi kuuchomoa.

Saa tisa kasorobo stima ikapotea mtaa mzima.

Nilitaka kutukana. Kisha nikagundua naisikia saa ya ukutani ya chumba cha pili. Friza imenyamaza. Feni zote za nyumba zimenyamaza, pampu ya maji, redio ya kinyozi, mashine ya fundi wa mageti. Sijawahi kuusikia mtaa wetu hivyo mchana. Saundi kadi inakula umeme wa laptopu yenyewe, betri ina asilimia 41.

"Bibi, imba."

"Gizani?"

"Gizani."

Akaimba nyimbo nne bila kusimama. Nilikuwa natiririka jasho mpaka viganja, nimefumba macho nisione asilimia zikishuka. Katikati ya wimbo wa tatu kunguru alilia mara moja, juu ya mabati, na bibi akagonga pembe papo hapo kama aliyekuwa akimngoja. Hicho sikifuti.

Saa kumi kasorobo adhana ya alasiri ikaanza, betri asilimia 6. Nikahifadhi, nikafunga. Bibi akavaa bangili zake, akahesabu tena, nikamtafutia tuktuk.

Stima ilirudi baada ya magharibi. Saa mbili usiku nikafungua REAPER, programu ya kurekodi na kuhariri sauti. Programu hii unaijaribu siku 60, na leseni ya watu kama sisi ni dola 60. Siku zangu zilikwisha kitambo. Haikufungii, inakukumbusha tu kila ukiifungua, jambo linaloniaibisha kuliko kufungiwa. Akiba ya leseni imefika nusu.

Sauti peke yake, tamu. Pembe peke yake, kavu na nzito. Nikizicheza pamoja, pembe inageuka sufuria. Nilikaa nayo karibu saa nzima nikilaumu maiki kabla sijachukua tepu ya fundi cherehani. Kutoka pale pembe ilipokuwa mpaka kwenye maiki ya bibi ni mita moja na kidogo. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa kila milisekunde, hivyo kila pigo liliingia maiki ya pembe kwanza, na milisekunde 3 baadaye likaingia ya bibi, na mapigo mawili yakawa yanakulana. Nikaichelewesha rekodi ya maiki ya pembe kwa milisekunde 3, yaani sampuli 144, kwa kuwa narekodi sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 48,000 kwa sekunde. Pembe ikashiba. Nikapiga kelele peke yangu. Jirani akagonga ukuta.

Saa nne nikampelekea rekodi binamu anayekaa na bibi. Baada ya dakika kumi simu ikalia.

"Nimesikia," bibi akasema. "Mimi naimba peke yangu kama mwenda wazimu. Vugo haliimbwi hivi. Nani aniitikia?"

"Bibi, chumba ni kidogo."

"Jumapili twaja wanane. Na pembe zao."

Wanane, pembe nane, tundu mbili. Nikatoka kuipima sebule ya mwenye nyumba kwa hatua, gizani, nikihesabu. Kisha nikamwandikia shangazi asiuze duveti nzito hata moja za belo la leo.

Akajibu kabla sijaweka simu chini: "Utalipa lini?"